Ramli ya Maji ya Sukari

Nilipiga ramli. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi: mbele ya wenzangu wa kwaya, mbele ya mama yangu mzazi, na mara moja hata kwa maandishi, katika makala niliyoipeleka gazetini kuwacheka wafanyabiashara wanaopita kwa mganga kabla ya kufungua duka. Makala ilisifiwa. Wasomaji hawakujua kwamba nilipokuwa nikiiandika, chupa yangu ya maji ya sukari ilikuwa ikining'inia juu ya paa la nyumba moja pale Xiaobei, Guangzhou, nami nikiikagua asubuhi na jioni kama mtu anavyokagua uvimbe shingoni.

Sikutumia mchanga wala kitabu. Ramli yangu ilikuwa ya msomi, haina hirizi: ndege akija kunywa kwa hiari yake, mwanangu naye atakuja. Upande wa pili wa sharti hilo sikuutamka, hata kimoyomoyo.

Mwanangu nilimwacha Tukuyu kwa mama yangu, wakati bado alikuwa akinishika mkono tukivuka barabara. Nilimwambia naenda mara moja, narudi. Nilikuwa mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya fasihi na mshahara ambao nao ulikuwa wa kubuni. Baba yake alikuwa ameshaoa Dodoma, na kilichobaki kwetu kutoka kwake kilikuwa kadi ya Krismasi. Ndipo binamu yangu mwenye maduka ya nguo Mbeya akanitafutia safari. Alihitaji mtu wa kukaa China, kumchagulia nguo kwenye vichochoro vya soko la Shisanhang, kufuatilia oda za jinzi kwenye karakana za Xintang, na kuhakikisha kwamba kilichoingia kwenye kontena ndicho kilichokubaliwa. Alisema mtu aliyesoma hadanganywi kirahisi. Mzigo wangu wa kwanza ulifika Mbeya ukiwa na suruali za watoto zenye zipu upande wa makalio.

Miaka ile ya mwisho ya tisini Waafrika tulikuwa bado wachache Xiaobei. Ukimsikia mtu anakohoa kwa Kiswahili ngazini, ulijua ni nani. Nilikaa na mama mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa akinunua redio na pasi za umeme, mwanamke mpana, mcha Mungu, mwenye ulimi mkali. Tulipanga vyumba viwili vya juu kabisa, chini tu ya paa lililo tambarare kama ua, katika nyumba ya mzee mmoja mstaafu wa mji huo. Jumapili asubuhi tulikusanyika na wenzetu katika chumba cha hoteli kusali na kuimba kwa sauti ya chini, maana wageni wa vyumba vya jirani walikuwa wamelipia usingizi. Alasiri nilishuka kwenye duka la simu kupiga nyumbani. Kule Tukuyu ibada ilikuwa ndiyo kwanza imetoka, na mama yangu na mwanangu walikuwa wamekaa kwenye benchi la ofisi ya usharika, wakingoja simu ya mchungaji ilie.

Jambo lililokuwa kati yetu ni moja. Nilitaka mtoto aje akae nami. Nilishaulizia shule, nilishaanza kushughulikia karatasi zake. Mama yangu hakukataa, ila aliweka sharti.

“Mtoto si mzigo wa kontena,” aliniambia. “Hatapakiwa. Akikubali mwenyewe, nitamfikisha Dar kwa mkono wangu. Asipokubali, usinitume.”

Basi kila Jumapili nilimuuzia mwanangu Guangzhou kwa simu. Nilikuwa nimejifunza kutoka kwa wauzaji wa Shisanhang jinsi ya kusifia kitu ambacho mteja hajakishika. Nilimsifia lifti za maghorofa. Nilimsifia barafu za maembe, viatu vinavyowaka taa kisigino kikigusa chini, mabasi yenye kiyoyozi. Alisikiliza kwa adabu, akisema “ndiyo mama” kila nilipopumua. Jumapili moja akaniuliza swali lake la kwanza kuhusu China.

“Huko kuna chozi?”

Migomba ya mama yangu imejipanga mpaka ukuta wa jiko. Asubuhi, ukifungua dirisha kumwaga maji, unawakuta chozi wameshafika: ndege wadogo, mdomo mwembamba umepinda kama sindano ya kushonea magunia, wamening'inia kichwa chini kwenye ua la mgomba wakifyonza utamu wake. Mwanangu alikuwa anawajua mmoja mmoja. Kulikuwa na mmoja mwenye mkia mrefu ambaye alimpa jina la mwalimu wake mkuu, kwa sababu ya kuwafukuza wenzake.

“Wapo,” nilimjibu.

“Wengi?”

“Wengi. Wanakuja mpaka dirishani.”

Sijui niliyatoa wapi maneno hayo. Katika muda wote niliokaa Guangzhou sikuwahi kuinua macho juu ya usawa wa kabati la duka. Lakini nilisikia pumzi yake ikibadilika kwenye waya, na nilikuwa nimeshakuwa mfanyabiashara kiasi cha kujua mteja anaposogea karibu na meza. Akasema atafikiri. Alikuwa hajawahi kusema hivyo.

Ikabidi mzigo niliokwisha kuuuza utafutwe.

Bahati, au kile nilichokiita bahati, kilikuwa kwenye meza ya mapokezi ya hoteli tuliyosalia: gazeti la picha la Kiingereza, lililoachwa na mgeni, lenye kurasa nzima za jinsi ya kuwaita ndege wafyonza maua kwenye bustani ya nyumbani. Ndege wa kwenye picha walikuwa wadogo kuliko chozi, wakisimama hewani bila kushika chochote, kana kwamba dunia haiwadai. Nililisoma nimesimama. Chemsha maji, tia sukari, sehemu moja kwa nne. Usitie asali. Ning'iniza kwenye kivuli. Panda maua yenye umbo la tarumbeta. Tumia rangi nyekundu, maana ndege hao huifuata popote. Nilizichana kurasa zile, tendo ambalo ningempa mwanafunzi wangu adhabu ya wiki nzima, nikazitia mkobani pamoja na kitabu cha nyimbo.

Sikuzisoma mpaka mwisho. Huo ndio ubaya wa shahada ya fasihi: unajiona umeshaelewa hadithi katikati. Kwenye aya ya mwisho kabisa, ambayo niliisoma wakati haikuwa na faida tena, ilielezwa kwamba ndege wale hawapatikani popote nje ya Amerika. Nilikuwa nimefuata, hatua kwa hatua, maelekezo ya kumkaribisha mgeni asiyeishi bara nililokuwako.

Lakini nisijionee kupita kiasi. Mwezi wa tatu, miti mikubwa ya Guangzhou iliyo jamii ya msufi hutoa maua mekundu mazito kama vikombe kabla haijatoa jani hata moja. Nilikuwa napita chini ya mmoja kwenye bustani ya umma, vikongwe wakiokota maua yaliyoanguka ili wakayakaushe, nikasikia juu yangu sauti nyembamba ambayo mwili wangu uliitambua kabla ya akili. Nikainua macho. Walikuwepo. Si wa kwetu: utosi wa kijani unaometameta, koo la rangi ya damu ya mzee, mkia umechanuka ncha mbili kama pini. Ila mdomo ni ule ule, ulafi ni ule ule, na ugomvi ni ule ule. Nilisimama pale nikicheka peke yangu mpaka kikongwe mmoja akanipa ua, nadhani ili niondoke.

Kwa hiyo sikuwa nimedanganya. Nilikuwa nimewahi kusema kweli kabla ya kuijua. Kilichobaki ni kuwatoa bustanini na kuwafikisha kwenye paa letu, na hapo ndipo, bila kikao wala mashahidi, nilipojiwekea ile ramli.

Mzee mwenye nyumba aliniruhusu kutumia kona moja ya paa, mradi nisizibe mfereji wa maji ya mvua. Kona nyingine zilikuwa zake: vyungu vya michungwa midogo ya sherehe, kamba za nguo, na vizimba vya mianzi vya ndege wake waimbaji, ambao kila alfajiri aliwafunika kitambaa na kuwapeleka bustanini kama watoto wa chekechea. Nilipanda haibiskasi kwenye ndoo za rangi. Nilipanda mgomba kwenye nusu pipa, nikaupa mbolea kuliko nilivyowahi kumpa mtoto wangu uji. Nilifunga utepe mwekundu kila mahali pa kufungwa, utepe wa kufungia mafurushi ya nguo za Shisanhang, mpaka paa likaonekana kama mtu anataka kuoa. Chupa ya maji ya sukari niliitundika katikati.

Walikuja sisimizi kwanza, msafara wenye nidhamu kuanzia mferejini. Kisha nyigu. Kisha nzi ambao sijawahi kuwaona mahali pengine. Alikuja ndege mmoja mweusi mwenye kishungi, akaitazama chupa, akanya juu ya utepe, akaondoka.

Mwenzangu wa Lubumbashi alipanda kuanika nguo zake na kukuta naongeza maji. Aliniambia yeye anakunywa chai kavu tangu jana kwa sababu kopo la sukari liko tupu.

“Dada, weye unatega ndege, ao unatega bwana?”

Nilimwambia bwana hahitaji sukari nyingi hivyo.

“Miye naona université ilikufundisha kulisha sisimizi. Bale ba kwetu banalisha bure, bila diploma.”

Nilimjibu kwamba ni kwa ajili ya kupumzisha akili. Hilo ndilo lilikuwa kanusho langu la kwanza, na lilitoka laini kiasi kwamba mengine yalifuata yenyewe. Kwa wanakwaya nilisema ni hobi. Kwa mama yangu, kwenye simu, nilisema ni mradi wa kumfundishia mtoto sayansi. Kwa Mungu sikusema kitu, nikitumaini kwamba yuko na mambo ya nchi kubwa.

Wiki zikapita. Mgomba ukakataa kuchanua; mgomba hauchanui kwa sababu una haraka nao, jambo ambalo mtoto yeyote wa Tukuyu angeniambia. Haibiskasi zilifunguka asubuhi na kujikunja jioni bila kutembelewa. Ilikuja ile hali ya hewa ya Guangzhou ambapo kuta zenyewe hutoka jasho, shuka hazikauki, mkate unaota ukungu kabla ya kufunguliwa, na roho ya mtu nayo hupata unyevu. Nilipanda paani kabla ya kwenda sokoni na niliporudi. Nikiwa Xintang, kwenye vumbi la buluu la karakana za jinzi, nilijikuta nahesabu mishono huku nawaza kama chupa iko kivulini. Jioni moja nilikubali oda nzima bila kugeuza suruali hata moja ndani nje. Binamu yangu alipiga simu kuuliza kama naumwa.

Kila Jumapili mtoto aliuliza, “Wamekuja leo?” nami nilisema leo mvua, leo jua kali, leo nilichelewa kuamka. Nilisikia ile “ndiyo mama” ikirudi.

Mzee mwenye nyumba alikuwa amenitazama muda mrefu kutoka upande wake wa paa. Siku moja alikuja, akaigusa chupa kwa kidole, akaniuliza jambo. Sasa lazima nieleze Kichina changu. Kilikuwa kamili kwa kazi yake. Nilijua kutaka na kukataa. Nilijua kubwa, ndogo, ghali, mbovu, punguza, kesho, na namna ya kumwita kila mwanamume “laoban”, yaani bosi, ili apunguze. Mtu angeweza kunizungusha katika soko lolote la mkoa ule na nisipotee. Lakini sikuwa na neno la kualika. Sikuwa na namna ya kusema “aje mwenyewe, akipenda”, wala “nisimshike”, wala “namngoja”. Katika lugha niliyoijua, kitu ukikitamani, unakinunua.

Nilionyesha vizimba vyake. Nilionyesha mbingu. Nilifanya mdomo kwa vidole viwili na kuunywesha kwenye chupa. Kisha nikasema niliyoweza kusema: nataka, mmoja, mdogo.

Uso wake ulifunguka. Alinipiga begani, akasema neno moja ambalo kila mnunuzi wa Guangzhou analijua: ipo. Na mtu wa sokoni akikwambia ipo, maana yake njoo kesho, anakwenda kukutafutia.

Alileta asubuhi. Aligonga mlango wetu akiwa amevaa shati safi, mkononi kizimba kidogo cha mianzi kilichofunikwa kitambaa. Alikiweka juu ya meza, katikati ya vikombe vyetu vya chai, akakifunua kwa mbwembwe. Ndani alikuwamo dume: utosi wa kijani, koo jekundu, mkia wa pini mbili. Alikuwa anajirusha kutoka ukuta hadi ukuta bila kutoa sauti, na kila akigonga, unyoya mdogo ulibaki kwenye mianzi. Mguu mmoja ulikuwa na gundi ya mtego.

“Voilà,” akasema mwenzangu. “Amekuja.”

“Ameletwa,” nikasema.

“Kuja, kuletwa, yote inapita mulango moja.”

Mzee alikuwa akinitazama, akingoja furaha. Nilimpa furaha. Nilimshukuru kwa maneno niliyokuwa nayo, nikamwita laoban mara nyingi kuliko ilivyohitajika, naye akashuka ngazi akijisikia amefanya kitu kikubwa, na kweli alikuwa amekifanya. Alikuwa ameamka kabla ya jua kwa ajili ya mpangaji asiyemwelewa.

Nilibaki na ndege na ramli yangu, na hapo nilifanya kile ambacho elimu ya juu hunifanya nifanye. Nilianza kutafsiri. Je, huyu anahesabika? Sharti lilisema kwa hiari yake. Lakini hiari ni nini, kwa ndege? Nikifungua kizimba akaruka, je, maana yake mtoto atakuja kisha aondoke? Nikimweka karibu na chupa akanywa, je, kunywa kwa kiu ni kukubali? Nilimwekea maji ya sukari kwenye kifuniko. Hakuyatazama. Nilimletea haibiskasi, nikaipenyeza kati ya mianzi. Aliikanyaga. Mwenzangu alikwenda kwenye shughuli zake, akanikuta aliporudi nimekaa mahali pale pale, nikiwa bado nasikiliza kesi. Akasema, taratibu, bila mzaha, “Dada, fungula.” Nikamwambia ngoja kidogo, atatulia.

Alitulia. Alishuka chini ya kizimba, akafumba macho kwa ule utando wa kijivu wa ndege, na mchana haujageuka alikuwa amelala ubavu. Uzito wake nilipomtoa haukuwa uzito. Nimewahi kushika vifungo vizito kuliko yule.

Mzee hakusikitika. Alipunga mkono kuonyesha kwamba si kitu, hawa hufa, na siku iliyofuata akaleta wawili. Nilisimama mlangoni, nikatumia lile neno la kukataa, buyao, sitaki. Yeye akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba sokoni “sitaki” ni mwanzo wa mapatano: mteja anayesema sitaki anataka kizuri zaidi. Alirudi jioni na kizimba kikubwa, kipya, chenye bembea ndani, ndege wale wale wawili wakining'inia pembeni kama nguo zilizolowa. Nikakipokea, nikapanda nacho paani, naye nyuma yangu akielekeza mahali pazuri pa kukitundika. Nikafungua mlango wa kizimba. Mmoja alitoka papo hapo. Wa pili nilimsukuma kwa kidole. Walipita juu ya chupa, juu ya utepe, juu ya mgomba wangu wa pipa, wakavuka nyaya za umeme bila kugeuza shingo.

Mzee alinitazama kana kwamba nimemwaga mchele barabarani. Alichukua kizimba chake na kushuka. Hatukusalimiana tena kwa muda mrefu, na kosa halikuwa lake.

Ningeweza kuacha hapo. Mwenye akili angeacha. Mimi nilibadilisha maji ya chupa.

Nilifanya hivyo bila imani na bila kukosa. Nilijua sasa kwamba hawatakuja, kama mtu anavyojua kwamba barua haitajibiwa na bado anamwuliza karani wa posta. Saa nyingine nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuona paa lile kwa macho ya mtu mwingine: mwanamke wa makamo, mpangaji, katikati ya riboni nyekundu zilizofifia kuwa za waridi, akingoja mnyama asiyezidi kidole amwambie kama yeye ni mama. Nililia huko mara kadhaa. Palikuwa mahali pazuri pa kulilia, kwa sababu ya kelele za magari chini.

Katikati ya hali hiyo karatasi za mtoto zikakamilika. Sikuwa nimetegemea. Zilitoka kimya kimya, kama mambo ya serikali yanavyotoka ukishaacha kuyaombea. Palikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa Mbeya aliyekuwa akija Guangzhou kununua mzigo. Alikubali kumchukua mtoto Tukuyu kwa gari, kwenda naye Dar, na kupanda naye ndege. Nilimuuliza mwanangu Jumapili ile kama yuko tayari. Nilimsikia akiihamishia simu sikio jingine. Kisha akasema, “Ndiyo mama.” Niliitazama “ndiyo” hiyo kila upande, kama ninavyotazama pindo la suruali, na nikaamua imeshonwa vizuri.

Ijumaa nilikuwa Xintang kutwa. Niliporudi, mwenzangu wa Lubumbashi alikuwa amekaa kitandani kwake na uso wa mtu aliyetunza habari.

“Amekuja,” alisema. “Asubuhi. Weye ulikuwa umeshaenda.”

Nikamuuliza nani.

“Ndege yako. Nilikuwa naanika. Akakunywa, akakunywa tena, akaenda. Peke yake. Hakuna mutu alimuleta.”

Nilimuuliza alikuwa wa rangi gani. Aliangalia dari, kisha akaniambia alikuwa mwekundu, mwekundu mwili wote, na mkubwa kiasi. Nilimtazama. Hakupepesa. Mwanamke huyu, ambaye asingeongeza hata wakia moja kwenye mizani kumdanganya mteja, alikuwa ameketi mbele yangu akinidanganya kwa moyo wake wote. Ningeweza kumwuliza kuhusu mkia, kuhusu mdomo, na uongo ule ungeanguka. Sikumwuliza. Nilimshika mikono, nikamwambia asante, dada. Nikaamini. Jumamosi nilikwenda kununua kitanda kidogo, nikambembeleza kijana wa mkokoteni akipandishe ngazi zote, nikakitandika shuka zenye michoro ya mawingu.

Jumapili, katika chumba cha hoteli, niliimba sauti ya kwanza kwa nguvu mpaka wakanikanyaga mguu. Alasiri nikashuka kwenye duka la simu. Kwa hesabu yangu mtoto alikuwa ameshafika Dar kwa ndugu zetu wa Ubungo, kwa hiyo nilipiga Ubungo kwanza. Wakaniambia hawajamwona mtu, nijaribu nyumbani. Nikapiga usharikani. Mchungaji aliitikia, na hakunitania kama kawaida yake. Akamwita mama yangu.

Tulisalimiana. Mama yangu haachi salamu hata nyumba ikiungua. Aliuliza afya, kazi, mvua, aliyekaa nami. Kisha akasema gari lilikuja jana asubuhi.

“Mtoto alimpokea mgeni vizuri,” alisema. “Akamkaribisha chai. Begi lake alilibeba mwenyewe mpaka garini, akaliweka nyuma, akafunga mlango. Halafu akarudi ndani akakaa jikoni.”

Nilimuuliza kwa nini hakumtoa.

“Angelia, mwanangu, ningempandisha. Watoto hulia njiani, wakifika hunyamaza. Huyu hakulia. Alikaa tu, akaniangalia aone nitafanya nini.”

Niliuliza begi liko wapi. Akasema limeenda Dar peke yake. Nilisikia akimpa mtoto simu, na mtoto akiihamishia sikio jingine, kama alivyozoea.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Hujambo?”

“Sijambo.” Akaongeza: “Mama, bibi hakunizuia.”

“Najua.”

“Mimi nakaa hapa.”

Nilikuwa na maneno mengi. Niliyatafuta yote, ya lifti na ya barafu na ya kitanda, na kila nililolishika lilikuwa la kuuzia.

“Umekasirika?” akauliza.

“Hapana.”

“Kweli?”

“Kweli, mwanangu.”

Akashusha pumzi, ndefu, ya mtu mzima aliyemaliza kazi ngumu. Akaniambia shuleni wanafunga mwezi wa sita. Akaniambia bibi anakohoa lakini si sana. Kisha akakumbuka adabu aliyofundishwa ya kuagana na watu walio mbali.

“Wasalimie wote huko,” akasema.

“Zimefika,” nikamwambia.